Usiku kimya, mchana kishindo: shajara ya kurekodi albamu ya posti-roki Bagamoyo

Kazi ni nyimbo sita, dakika 52 kwa jumla, bila mwimbaji: magitaa matatu, besi, drams, na ilimba, ala ya vichuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, katika nyimbo mbili. Kwa aliyezoea bongo fleva, posti-roki ni muziki wa vyombo vya roki usio na ubeti wala kiitikio. Jina lenyewe lilienea kuanzia 1994 kupitia maandishi ya mhakiki wa Uingereza, Simon Reynolds. Wimbo huanza kwa mnong'ono, hupanda taratibu dakika saba au nane, kisha hupasuka. Wengi huhangaikia ule mpasuko. Humu tumeandika zaidi kuhusu mnong'ono, maana ndiko siku nyingi za kazi zilikoishia.

Wiki ya 1: chumba

Nyumba ni ya matumbawe na chokaa, ipo Dunda, Mji Mkongwe wa Bagamoyo, na tunatumia ghorofa ya juu. Kuta zina unene wa nusu mita na zaidi, kwa hiyo bodaboda inayopita chini ya dirisha husikika kama iko mtaa wa pili. Hiyo ni faida. Hasara ni umbo. Nyumba za pwani zilifuata urefu wa boriti za mikoko, na boriti haivuki upana mkubwa. Vyumba vikawa vyembamba na virefu. Hiki chetu ni mita 2.8 kwa mita 7, na kimo mita 4.

Kwenye joto la nyuzi 28 sauti husafiri takriban mita 348 kwa sekunde. Gawanya kwa mara mbili ya kila kipimo, utapata masafa ambayo chumba kinayakuza chenyewe: upana 62 Hz (mitetemo 62 kwa sekunde), kimo 43.5 Hz, urefu 25 Hz na mara mbili yake 50. Sasa tazama gitaa la besi: noti ya B ni 61.7 Hz, na F ya chini ni 43.7. Yaani chumba kimejitunia kwenye noti mbili za besi bila kuombwa. Wimbo wa tatu uko katika B. Kila B ilipoguswa, vioo vya kabati viliimba. Ikiguswa A, sauti inazama kana kwamba mtu kaziba spika kwa mkono.

Kuta za mawe hazisogei. Ampu ya besi imeshushwa stoo ya chini, na njia kuu ya besi imekuwa waya wa moja kwa moja kupitia kisanduku cha DI, kinachoingiza ala kwenye mitambo bila ampu. Maiki ya stoo inabaki kama kiungo tu, haizidi robo ya sauti yote ya besi.

Mwangwi ni suala jingine. Ujazo wa chumba ni mita za ujazo 78, na eneo la kuta, sakafu na dari ni kama mita za mraba 118. Lipu ya chokaa hunyonya sauti kwa kiasi kidogo mno, kama asilimia 3, kwa hiyo hesabu ya Sabine, ya kukadiria muda wa mwangwi, inatoa sekunde 3.6. Tulipopasua puto katikati ya chumba, kipimo kilisoma 2.9, kwa sababu milango na watu nao wananyonya. Kwa gitaa lenye pedali ya rivabu, yaani ya kuongeza mwangwi, huo ni mchanganyiko wa uji na uji.

Tumeingiza magodoro sita ya nne kwa sita, inchi sita, yakasimamishwa wima, yakaachwa sentimita 15 kutoka ukutani. Hewa iliyo nyuma ya godoro ina kazi: sponji iliyogusa ukuta hunyonya sauti za juu tu. Baada ya magodoro, puto lilisoma sekunde 1.1. Kwa 62 Hz godoro halifanyi lolote. Robo ya wimbi hilo ni mita 1.4, na hakuna anayeuza godoro la unene huo. Trei za mayai tulizikuta tayari zimepigiliwa ukuta mmoja. Zimeng'olewa. Ni karatasi, na kazi yake ni kubeba mayai.

Wiki ya 1, mwishoni: umeme

Muziki wa kimya unafichua kila muungurumo. Umeme wetu ni wa 50 Hz, kwa hiyo muungurumo unatokea 50, 100 na 150 Hz. Ukisikia zaidi 50, mara nyingi ni mzunguko wa eathi. Ukisikia 100 iliyokwaruza, tazama chaja au paua ya pedali.

Mzunguko wa eathi ulitokea kwa sababu ampu moja ilichomekwa soketi ya chumba kikubwa na kompyuta ikachomekwa soketi ya baraza. Eathi mbili, njia mbili, waya wa jeki katikati ukawa daraja. Dawa ilikuwa kulisha kila kitu kutoka soketi moja kwa ekstensheni nene. Kuna wanaokata mguu wa eathi kwenye plagi ili muungurumo uishe. Usikate. Ampu ya valvu ina volti mia kadhaa ndani, na mwenye gitaa ndiye atakayegeuka kuwa eathi.

Fito ya eathi ya nyumba ilikuwa imechimbiwa kwenye mchanga mkavu. Tuliongeza ya pili ya mita 1.2, upande wa karo ambako udongo haukauki, tukaziunganisha kwa waya mmoja. Muungurumo wa magitaa yenye pikapu (sumaku zinazonasa mtetemo wa nyuzi) za koili moja ulipungua, haukwisha. Uliobaki unatoka hewani, unazimwa kwa kumgeuza mpigaji: kuna pembe moja ambayo pikapu haioni transfoma, na kiti chake kimewekewa alama ya utepe sakafuni.

Sehemu za kimya zote tunazirekodi kwa betri. Betri moja ya 12 V, Ah 200, ina Wh 2,400 kwenye karatasi. Betri ya maji hutakiwi kuishusha chini ya nusu, kwa hiyo hesabu 1,200, na inveta inakula asilimia 15, inabaki 1,020. Mzigo wetu: kompyuta 65 W, kadi ya sauti na priampu 45, ampu ya valvu ya wati 30 inavuta kama 130, pedali 20, ampu ya hedifoni 15. Jumla 275 W, yaani saa tatu na nusu hivi. Inveta iwe ya wimbi laini. Ya kwanza iliyoletwa ilikuwa ya wimbi la ngazi, na ampu ilinguruma kuliko ilivyonguruma kwenye umeme wa nguzo.

Wiki ya 2: bahari na saa

Tulipima kelele za chumba madirisha yakiwa yamefungwa. Saa nne asubuhi: 44 dBA (desibeli kama sikio linavyozisikia). Kunguru, wauza samaki, mashine za boti, watoto. Saa tano usiku: 31. Saa sita usiku kwenye bamvua, siku za maji makubwa: 26. Hiyo tofauti ya mwisho ilitushangaza mpaka tulipofungua jedwali la maji.

Pwani hii, siku za bamvua, maji hujaa karibu na saa kumi, alasiri na alfajiri, na hupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Ufuko wa Bagamoyo ni wa mteremko mdogo, kwa hiyo maji yakipwa yanakwenda mbali na mawimbi yanaondoka nayo. Siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, mpangilio unageuka: saa nne usiku bahari iko karibu na ukuta inanong'ona. Mnong'ono huo ni mzuri kwa mwenye hoteli. Kwa maiki ya kondensa iliyofunguliwa kwa ajili ya gitaa linaloguswa kwa ncha ya kidole, ni mvua isiyokatika.

Kwa hiyo ratiba inafuata mwezi. Mnong'ono unarekodiwa usiku wa bamvua, kuanzia saa tatu na nusu hadi saa sita, Isha ikiwa imepita na maji yakiwa mbali. Siku za maji mafu ni za kazi za mchana, za kuhariri, na za kubadilisha nyuzi. Bamvua inarudi baada ya wiki mbili hivi, na kila moja inatoa usiku nne au tano za maana. Ukipiga hesabu, albamu ya nyimbo sita haina usiku wa kuchezea.

Feni zinazimwa wakati wa kurekodi. Tuko kipupwe, joto linavumilika. Upepo wa kusi unapiga madirisha ya kusini, na mbao za zamani zinagonga. Vipande vya kanga vilivyokunjwa mara nne kwenye kila pengo vimemaliza kelele hiyo.

Wiki ya 2: njia 16

Kadi ya sauti ina priampu (vikuza sauti vya maiki) nane, na nyingine nane za kifaa cha pili zinaingia kwa waya mmoja wa kidijitali, wa ADAT. Tunarekodi 48 kHz, biti 24. Siku ya kwanza kulitokea tik tik isiyo na mpangilio, kila baada ya sekunde chache. Sababu ni saa ya kidijitali: vifaa viwili, kila kimoja kinajihesabia saa yake. Kifaa kimoja kiwe bwana, cha pili kifuate saa inayokuja na waya wa ADAT. Kikiachwa kwenye saa yake ya ndani, sampuli hupotea moja moja na ndizo tik tik hizo. Ubaya wake ni kwamba kwenye kishindo hazisikiki. Zinasikika kwenye kimya, siku tatu baadaye, bendi ikiwa imeshaondoka.

Njia moja kwa dakika moja ni MB 8.64, njia 16 ni MB 138. Mkupuo wa dakika 12 ni karibu GB 1.7. Kila usiku nakala mbili kwenye diski mbili tofauti, na moja ya hizo hailali ndani ya nyumba hii.

Drams zina maiki nane: kiki ndani na nje, snea juu na chini, tomu mbili, mbili za juu. Maiki za juu zimepimwa kwa kamba kutoka katikati ya snea, sentimita 98 kila moja. Zikitofautiana kwa sentimita 35, snea inafika kwa tofauti ya milisekunde moja, na sauti za katikati zinafutana. Snea inageuka debe. Magitaa yana Shure SM57 moja kwa kila kabati, imegusa karibu kitambaa, sentimita mbili nje ya kitovu cha spika. Besi njia mbili. Zilizobaki tatu ni za chumba: mbili mwisho wa ule urefu wa mita 7, na moja kwenye ngazi za mawe.

Maiki ya ngazi ndiyo iliyolipa. Ngazi hazina godoro hata moja, na mwangwi wake wa sekunde mbili na ushee una rangi ambayo rivabu ya kompyuta haikutupa.

Kuhusu kiasi: usiweke geini (kiwango cha kukuza sauti inayoingia) kwa kusikiliza mwanzo wa wimbo. Kati ya mnong'ono na mpasuko wa nyimbo hizi kuna desibeli 40. Weka geini kwa kishindo, kilele kisizidi −10 dBFS (0 ndiyo dari ya kidijitali), kisha kubali kwamba mnong'ono utaonekana kwenye skrini kama mstari mtupu. Biti 24 zina nafasi ya kutosha kuubeba. Kinachoua mnong'ono ni kelele za priampu na za chumba.

Wiki ya 3: tatizo lenyewe

Hapa ndipo mpango wa kwanza ulipovunjika. Nia ilikuwa kurekodi kila wimbo kwa mkupuo mmoja, bendi nzima ikipiga pamoja, kwa kuwa muziki huu unaishi kwenye kupanda. Lakini usiku wa kimya ndio usiku wa majirani kulala. Drams na ampu tatu zikifika kileleni chumbani ni zaidi ya desibeli 110, na hata ukuta wa nusu mita una dirisha. Mchana unaweza kupiga kishindo utakavyo, baada ya kuaga serikali ya mtaa na kukwepa adhana na swala, ila mchana hakuna mnong'ono unaorekodika.

Uamuzi: usiku kimya, mchana kishindo, na mshono katikati. Nyimbo nne kati ya sita zinashonwa hivyo. Mbili hazipandi kiasi hicho, zimerekodiwa usiku zote.

Kushona kunaonekana rahisi kwenye kompyuta, kata hapa unga pale. Mshono wa kwanza tulioufanya ulisikika hata na mpita njia. Haya ndiyo yaliyokuwa yakiusaliti.

Kwanza mkia. Sauti ya usiku ikikatwa, mwangwi wake unakatika nayo, na sikio linashtuka hata lisipojua kwa nini. Kwa hiyo pande zote mbili zinapiga baa nane za ziada za muziki uleule: usiku bendi inaendelea kupita mahali pa mshono, mchana inaanza kabla yake. Kwa mwendo wa mapigo 72 kwa dakika, baa nane za nne-nne ni sekunde 26.7 za kupishana, na mahali pa kuunga unachagua baadaye kwa kusikiliza. Penye uvimbe wa matoazi ndipo pazuri. Toazi linalovuma lina masafa yote na linafunika kila kitu, kama ngoma inavyofunika kikohozi.

Pili kelele ya chumba. Usiku una 26 dBA, mchana 44. Ukiunga ghafla, chumba kinapanuka. Kila kikao, cha usiku na cha mchana, kinafungwa kwa kurekodi dakika tatu za chumba kitupu, watu wakiwa wamekaa vilevile na ampu zikiwa zimewashwa. Kimya hicho kinatandikwa chini ya mshono, cha mchana kikiingizwa polepole kuanzia sekunde 20 kabla. Sikio linavumilia kelele inayokuja kwa kunyata.

Tatu mahali. Kila stendi ya maiki ina alama tatu za utepe sakafuni, na kamba ya kila maiki imeandikwa urefu wake. Vitufe vya ampu na pedali vimepigwa picha kwa simu kutoka juu, si kutoka upande, kwa sababu ukipiga kwa pembeni namba inasomeka vibaya. Kitufe cha toni kilichosogea kutoka 5 hadi 6 kilitugharimu asubuhi nzima.

Nne joto. Ampu ya valvu iliyowashwa sasa hivi na iliyowaka dakika 20 ni ampu mbili. Mchana tunaiwasha mapema, na magitaa yanatunwa yakiwa mikononi, baada ya robo saa ya kupiga, maana nyuzi zilizopata joto la vidole zinashuka.

Tano, na hili halimo kwenye kitabu cha fundi mitambo: mpigaji anayeanza moja kwa moja kwenye kishindo anapiga kwa nguvu ya mtu aliyeamka. Anayefika kwenye kishindo baada ya dakika sita za kujizuia anapiga tofauti, mkono ni mzito na uko nyuma kidogo ya pigo. Tulijaribu kumwelezea mpiga drams hiyo tofauti, haikusaidia. Dawa ilikuwa kuwapigisha sehemu ya kimya yote hata mchana, kelele za kunguru na zote, tukijua itatupwa. Inakula muda, na kila mkupuo wa mchana ni dakika 12 badala ya 5. Lakini mshono wa wimbo wa pili sasa hatuuoni hata tukiwa tunajua sekunde yake.

Wiki ya 4: mwendo na dilei

Nyimbo tatu zinapanda mwendo kutoka 72 hadi 80. Gitaa la pili linatumia dilei (pedali ya kurudia sauti) ya nane yenye nukta, yaani marudio huja baada ya robo tatu ya pigo. Hesabu: 60,000 gawa kwa mwendo, zidisha kwa 0.75. Kwa 72 ni milisekunde 625. Kwa 80 ni 562.5. Ukiacha pedali kwenye 625 huku bendi imefika 80, marudio yanakuja yamechelewa kwa milisekunde 62.5, na kishindo kinayumba bila mtu kujua anayeyumbisha. Mwanzoni tulidhani ni mpiga besi. Tumuombe radhi hapa.

Kliki ya hedifoni, inayowahesabia wapigaji mwendo, imewekwa ramani ya ngazi tatu, 72, 76, 80, na gitaa lina pedali mbili za dilei zilizopangwa mapema, ya pili inakanyagwa kwenye baa ya 96. Kutumia kitufe cha kugonga kwa mguu tulikacha: mguu ukikosea kwa milisekunde 15, zinarudi tena na tena.

Kliki pia inavuja. Kwenye mnong'ono hedifoni iliyo wazi nyuma inasikika kwenye maiki ya gitaa kama mjusi ukutani. Hedifoni zote za usiku ni za kufunga, na kliki inazimwa kabisa sehemu ambazo ni gitaa peke yake.

Wiki ya 5: ilimba

Ilimba ni ala ya Wagogo, na mtu anaweza kuuliza inatafuta nini pwani. Bagamoyo ina Chuo cha Sanaa, sasa TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo), tangu 1981, na ndiko Hukwe Zawose kutoka Dodoma alikofundisha na kuishi mpaka alipofariki 2003. Mji huu una masikio ya ilimba.

Mitambo ya kurekodi haikusumbua. Maiki moja ya kondensa, sentimita 25 kutoka kwenye vitundu vilivyozibwa kwa utando wa buibui, kwa kuwa mvumo wa utando ni nusu ya sauti yenyewe. Ukisogea karibu zaidi unapata kucha za mpigaji. Ukipunguza sauti za juu ili isafike, umeiua.

Tatizo lilikuwa tuni. Ngazi ya Kigogo inafuata mlio asilia: chukua mlio wa chini, kisha mara nne yake, mara tano, sita, saba, nane, tisa. Gitaa limegawanywa kwa hatua sawa. Kwenye msingi wa D, mara tano inaangukia chini ya F# ya gitaa kwa senti 14 (senti ni sehemu ya mia ya nusu toni), na mara saba inaangukia chini ya C kwa senti 31. Gitaa likipiga C ya 523 Hz juu ya ilimba yenye 514, unasikia mtikisiko mara tisa kwa sekunde. Mkupuo wa kwanza ulisikika kama magari mawili yanayogombania honi.

Wazo la kwanza, la kunyoosha ilimba kwa programu ya kutuni, lilidumu dakika kumi. Mvumo wa utando ukavunjika vipande, na kilichobaki kilikuwa kinanda cha simu.

Jibu lilikuwa kwenye uzi wenyewe wa gitaa. Uzi mmoja uliotunwa D una milio hiyohiyo ndani yake: ukiugusa kidogo bila kuukandamiza, mahali pa robo, pa tano, pa sita, pa saba, unatoa mara nne, mara tano, mara sita, mara saba ya mlio wake, bila kujali pingili za gitaa zimegawanywaje. Mara nne iko juu ya pingili ya 5. Mara tano iko chini kidogo ya pingili ya 4, kwenye 3.86. Mara sita imeipita kidogo pingili ya 3, kwenye 3.16. Mara saba iko kati ya 2 na 3, kwenye 2.67. Tumeweka alama za penseli nyeupe ubavuni mwa shingo. Sasa magitaa mawili kwenye wimbo wa tano hayakandamizi noti hata moja kwa dakika tano za mwanzo. Yanagusa uzi wa sita ulioshushwa hadi D, 73.4 Hz, kwa pikapu ya nyuma na kompresa (kifaa cha kupunguza tofauti ya sauti kubwa na ndogo) kidogo ili mara saba isikike. Yakikutana na ilimba, mtikisiko umekwisha. Huwezi kusema noti ipi imetoka kwenye chuma cha nani.

Ilimba yenyewe ilikuwa juu ya D kwa senti 20. Hatukuigusa. Mashine za kutuni ziliwekwa A ya 445 badala ya 440, bendi nzima ikaifuata, besi pia. Wimbo wa sita unaoanza hapo hapo bila pengo nao umerekodiwa kwa 445, vinginevyo msikilizaji angeteleza kwenye maungio.

Wiki ya 6: chumvi

Kwa kifupi. Nyuzi za kawaida zinapoteza ung'avu siku ya tatu. Zilizopakwa zinafika siku ya kumi zikipanguswa kila baada ya kupiga. Maiki mbili za kondensa zilianza kukoroma usiku: ni unyevu kwenye kapsuli. Zilirudi baada ya siku mbili ndani ya ndoo yenye mfuniko na gramu 500 za silika. Tangu hapo maiki zote zinalala ndoo. Ngoma za ngozi zilizotumika wimbo wa nne zilikuwa zinalegea kati ya mkupuo na mkupuo, zikapashwa kwenye jiko la mkaa barazani, dakika tatu, umbali wa mkono mmoja. Ulimbo wa upinde wa selo, unaopitishwa kwenye gitaa kwa milio mirefu, unayeyuka ukiachwa juani na kugeuka gundi. Uwekwe kivulini.

Wiki ya 8: miksi

Kishindo cha wimbo wa kwanza kilisikika kidogo kuliko utangulizi wake. Si mzaha. Magitaa matatu yote yalikuwa yamejazana kati ya 200 na 400 Hz, matoazi yamefunika juu, kompresa ya basi kuu, njia inayokusanya sauti zote, inakandamiza desibeli 6. Kila mtu yupo, hakuna anayeonekana.

Hatukuongeza kitu, tulitoa. Gitaa la pili limekatwa chini ya 140 Hz, la tatu chini ya 250, la kwanza peke yake limebaki na kifua. Besi inanyamaza baa nane kabla ya mpasuko na kurudi nao. Kompresa imeshushwa isizidi desibeli 2. Halafu hila ya zamani: katika dakika moja kabla ya mpasuko, sauti yote inashushwa polepole kwa desibeli 1.5, kisha inarudishwa kwenye pigo la kwanza. Msikilizaji hasikii kushuka. Anasikia mlango ukifunguka.

Mnong'ono tumeupandisha kwa mkono, sentensi kwa sentensi, desibeli 3 hadi 5. Kompresa ingefanya hivyo kwa sekunde moja, lakini ingeinua na pumzi ya chumba kila gitaa linaponyamaza.

Jaribio la spika ndogo ya blutuu barazani lilionyesha kwamba sekunde 40 za mwanzo za wimbo wa nne hazipo kabisa. Hatutazipandisha zaidi. Mwenye blutuu atadhani simu imekwama, atabonyeza, na hiyo ni shauri yake.

Wiki ya 9: masta

Kilele halisi ni −1 dBTP, yaani desibeli moja chini ya dari. Wastani wa albamu ni −15.5 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti unaosikika), kishindo kinafika −10, mnong'ono uko karibu na −32. Majukwaa makubwa ya kusikilizia husawazisha karibu na −14, kwa hiyo kubana zaidi kusingetupatia sauti ya maana, kungekula tofauti tu. Mafaili ya 48 kHz yametunzwa, na nakala za 44.1 zimetolewa kwa ajili ya CD, biti 16 na dither (kelele ndogo mno inayoficha makosa ya kupunguza biti). Mapengo kati ya nyimbo si ukimya wa kidijitali. Ni zile dakika tatu za chumba kitupu cha usiku, zimekatwa sekunde nne hadi tisa. Ukiweka sifuri tupu kati ya nyimbo hizi, inasikika kama umeme umekatika.

Fomu za BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) na COSOTA (wasimamizi wa hakimiliki) zinajazwa na bendi, kila wimbo na watunzi wake, mpiga ilimba akiwemo.

Kinachobaki ni sekunde 50 za mwanzo wa wimbo wa tatu. Kwenye hedifoni nzuri kuna nyenje mmoja, karibu 4.5 kHz, hatoki kwa kichujio bila kuondoka na kucha za gitaa. Zinarekodiwa upya bamvua ijayo, saa nne usiku, ampu ziwashwe saa tatu na dakika 40.